Chebet ama Faith? Hesabu ya Kumaliza Ubishi wa South Rift

Kuna swali moja ukilitupa kwa kibanda chochote cha chai kati ya Kapsoit na Bomet mjini, utajuta. Chai itapoa, chapati itakauka, msee wa boda ataacha abiria stage, na hakuna mtu atakubali ameshindwa. Swali lenyewe ni hili: kati ya Beatrice Chebet na Faith Kipyegon, nani mkali?

Wa Londiani watakutajia dhahabu za Paris na Tokyo. Wa pande za Keringet na Bomet watakuuliza kama unajua maana ya kushinda Olimpiki mara tatu mfululizo. Halafu hakosi mzee mmoja wa kona, ameshika kikombe kwa mikono miwili, atakayesema hao wote ni wetu, wacheni kelele. Huyo mzee tumweke kando kidogo. Ako na point, na tutamrudia.

Kwa sasa tufanye kitu ambacho kwa kibanda huwa hakifanyiki: tutoe kalamu tupige hesabu. Kwa sababu hawa wawili wameshakutana kwa fainali tatu kubwa za mita 5,000, na majibu yako hapo kwa saa. Shida ni kwamba wengi wetu tuliangalia mita 100 za mwisho tu, tukapiga nduru, tukalala.

Kwanza, nani ni wa wapi?

Hapa ndio ngori huanzia. Beatrice Chebet ni wa Londiani, Kaunti ya Kericho. Hiyo haina mjadala. Alilelewa kimbio na kambi ya Lemotit hapo hapo Londiani, na kocha wake ni Gabriel Kiptanui.

Faith Chepng'etich Kipyegon ni wa Keringet. Ukifungua ramani, Keringet iko Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru. Lakini ni jirani kabisa na Bomet, lugha ni moja, mvua ni moja, na majani chai ya huko ni yale yale. Ndio maana ukimwambia mtu wa Bomet ati Faith ni wa Nakuru, anakuangalia kama umemwibia ng'ombe. Faith anafanya mazoezi Kaptagat chini ya Patrick Sang, yule yule kocha wa Eliud Kipchoge, ambaye yeye mwenyewe alileta fedha ya kuruka viunzi na maji kutoka Olimpiki ya Barcelona 1992.

Kwa hivyo hawa ni mabinti wa mlima mmoja, walioenda shule za makocha wawili tofauti. Wote wamekulia zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ukitembea tu kwenda dukani ushapanda kilima na kushuka kingine.

Na tafadhali, usimchanganye Chebet na Beatrice Chepkoech. Huyo ni Beatrice mwingine wa pande hizi za South Rift, mwenye rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, dakika 8:44.32, aliyoiweka Monaco 2018. Manze, mvua ya huku ilinyeshea kina Beatrice.

Kila mtu na ukuta wake

Faith ni malkia wa mita 1,500. Hapo hata mtu wa Londiani atanyamaza. Dhahabu ya Olimpiki Rio 2016, Tokyo 2021, Paris 2024. Hakuna mwanariadha mwingine, mwanamke wala mwanaume, aliyewahi kushinda 1,500 ya Olimpiki mara tatu mfululizo. Ongeza ubingwa wa dunia mara nne: 2017, 2022, 2023 na 2025. Na hapo katikati, 2018, alipata mtoto wake Alyn, akarudi uwanjani, na mwaka uliofuata akachukua fedha Doha. Wengine wakipumzika hivyo hurudi kama watazamaji. Yeye alirudi akiwa amekasirika.

Juni 2, 2023, kule Florence, Italia, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia 1,500 chini ya dakika 3 na sekunde 50. Wiki moja baadaye, Juni 9, akaenda Paris akachukua rekodi ya 5,000 kwa dakika 14:05.20, umbali ambao hata hakuwa anaukimbia kila siku. Julai 21 akachukua ya maili moja, 4:07.64. Rekodi tatu za dunia kwa siku 50 hivi. Huo mwaka alikuwa noma.

Sasa Chebet. Huyu alipanda ngazi polepole, hatua kwa hatua. 2018 alishinda 5,000 ya dunia ya vijana chini ya miaka 20 kule Tampere, Finland. 2019 akashinda mbio za nyika za dunia za vijana, Aarhus. 2022 akachukua fedha ya dunia ya 5,000 kule Eugene, Marekani, nyuma ya Gudaf Tsegay wa Ethiopia. 2023 na 2024 akashinda mbio za nyika za dunia za wakubwa, mara mbili. Halafu Mei 25, 2024, akarudi Eugene akakimbia mita 10,000 kwa dakika 28:54.14. Mwanamke wa kwanza duniani kwenda chini ya dakika 29.

Hiyo namba 28:54.14 ikumbuke. Ndio ufunguo wa hii stori yote.

Siku ambayo South Rift ilitawala dunia

Kama kuna siku moja ya kumwonyesha mtu asiyejua hawa ni kina nani, ni Julai 5, 2025. Uwanja ni ule ule wa Eugene. Chebet alitangulia. Akakimbia 5,000 kwa dakika 13:58.06, mwanamke wa kwanza chini ya dakika 14. Baadaye siku hiyo hiyo, Faith naye akaingia kwa 1,500, siku tisa tu baada ya kujaribu kuvunja dakika nne za maili kule Paris na kukosa. Akatoka na 3:48.68, rekodi mpya ya dunia.

Mabinti wawili, uwanja mmoja, siku moja, rekodi mbili za dunia. Ukitaka kujua hiyo kasi ni ya aina gani, igawanye kwa mizunguko ya mita 400. Faith alikuwa anapiga kila mzunguko kwa sekunde 61 hivi. Chebet kwa sekunde 67, lakini mara kumi na mbili na nusu. Enda uwanja wa karibu na kwako ujaribu mzunguko mmoja tu wa sekunde 67. Sisi tutakungoja kwa geti na maji.

Ka wewe ni mtu wa boli, hawa wachukulie kama mawinga wawili. Winga wa kwanza ukimpa nafasi ya mita ishirini ameenda, hata refa anabaki akitafuta vumbi. Winga wa pili hakutishi dakika ya kwanza, lakini dakika ya 88, beki akiwa na ulimi nje, yeye bado anapanda na kushuka kama ndio ameingia kutoka benchi. Ama chukua mfano wa shambani: kuna mchuna chai ambaye saa moja asubuhi kikapu chake kimejaa kabla wengine hawajafunga kanga, na kuna yule ambaye saa tisa mchana, wote wamechoka, mikono yake haijapunguza kasi hata kidogo. Jioni kwa mizani, nani amebeba zaidi?

Inategemea siku ilikuwa ndefu kiasi gani. Na mita 5,000 ndio ile siku ambayo si fupi na si ndefu. Hapo ndipo wawili hawa wanakutana.

Fainali si mbio za rekodi

Kabla tuingie kwa fainali zenyewe, elewa kitu kimoja. Siku ya rekodi kuna watu wanalipwa kuweka kasi mbele, na taa zinazozunguka kando ya mkondo kuonyesha kasi ya rekodi. Fainali ya Olimpiki ama ya dunia haina hiyo. Kila mtu anaogopa kwenda mbele, kwa sababu wa mbele anakata upepo na wa nyuma anakula bure. Kwa hivyo raundi za kwanza huenda polepole, watu wanasukumana viwiko, wanaangaliana. Halafu kilomita ya mwisho inageuka vita.

Kwa akili ya kawaida, mbio za polepole zenye mwisho wa kasi ni zawadi kwa mtu wa 1,500. Ana miguu ya haraka kuliko wote hapo ndani. Kila mtu aliyeketi kwa kibanda anajua hivyo. Mara ya kwanza ikawa kweli.

Fainali ya kwanza: Budapest, Agosti 26, 2023

Mbio zilikuwa za polepole. Raundi ya mwisho Faith akafungulia, Sifan Hassan wa Uholanzi akamfuata, Chebet akawa nyuma yao. Faith 14:53.88. Hassan 14:54.11. Chebet 14:54.33. Kati ya Faith na Chebet kulikuwa na sekunde 0.45, muda ambao hata kupepesa jicho vizuri haujamaliza.

Faith akaenda nyumbani na dhahabu mbili, ya 1,500 na ya 5,000. Ubishi ukaisha. Ama hivyo ndivyo tulidhani.

Fainali ya pili: Paris, Agosti 5, 2024

Hii ndio ile usiku ilinyima watu usingizi. Mizunguko ikiwa inaelekea mwisho, Faith na Tsegay wakagusana na kusukumana. Mbio zikaendelea. Mwishoni Faith akawa mbele, Chebet mgongoni mwake kama kivuli. Walipoingia mita 100 za mwisho, Chebet akatoka upande wa nje na kumpita. Chebet 14:28.56, Faith 14:29.60, Hassan 14:30.61. Dhahabu na fedha, Kenya zote mbili.

Halafu jina la Faith likatoweka kwa matokeo. Waamuzi walisema amemzuia Tsegay. Fedha ikapewa Hassan, shaba ikaenda kwa Nadia Battocletti wa Italia. Kenya ikakata rufaa. Baada ya masaa ya kungoja, rufaa ikakubaliwa na fedha ikarudi kwa mwenyewe.

Jiulize, na ujijibu kwa ukweli: hiyo saa, kuna mtu wa Londiani alifurahi? Sidhani. Mimi nilikuwa na Chebet moyoni tangu raundi ya kwanza, na bado nilikuwa nimeshika simu nikiomba Faith arudishiwe medali yake. Shika hiyo hisia, tutaihitaji.

Siku nne baadaye Chebet akachukua pia 10,000, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke Mkenya kwa umbali huo. Na siku moja baada ya hiyo, Faith, yule yule waliyekuwa karibu kumnyang'anya medali, akashinda 1,500 kwa 3:51.29, rekodi ya Olimpiki.

Fainali ya tatu: Tokyo, Septemba 20, 2025

Mashindano ya dunia. Mbio zikarudi kuwa za polepole, karibu sawa kabisa na Budapest. Tena mwishoni Faith akawa mbele. Tena Chebet akangoja. Tena mita za mwisho. Chebet 14:54.36, Faith 14:55.07, Battocletti 14:55.42.

Angalia hiyo namba vizuri. Budapest mshindi alitumia 14:53.88. Tokyo mshindi alitumia 14:54.36. Ni mbio zile zile, kasi ile ile, mwisho ule ule. Lakini aliyekuwa wa tatu amekuwa wa kwanza, na aliyekuwa wa kwanza amekuwa wa pili.

Kwa hivyo mizani ya fainali kubwa za 5,000 inasoma hivi: Chebet mbili, Faith moja.

Visingizio vya kibanda

Hapa ndipo mashabiki wa Faith wanaamka. Ati alikuwa amechoka. Ati yeye hukimbia 1,500 pia, ambayo ina raundi tatu. Hoja ni nzuri, basi tuipime.

Tokyo, Faith alikuwa ameshakimbia mara nne kabla ya hiyo fainali: raundi tatu za 1,500 na mchujo wa 5,000. Ni kweli, miguu ilikuwa imefanya kazi. Lakini Chebet naye alikuwa ametoka kwa fainali ya 10,000, ambayo alishinda, na mchujo wa 5,000. Ukijumlisha mita, Faith alikuwa amekimbia 9,500. Chebet alikuwa amekimbia 15,000. Nani alifaa kuchoka?

Budapest nayo, Faith alikuwa na ratiba ile ile ya mbio nne kabla ya fainali, huku Chebet akiwa na mchujo wa 5,000 peke yake. Na Faith ndiye alishinda. Kwa hivyo kama uchovu ndio ulimmaliza Tokyo, mbona haukummaliza Budapest?

Halafu kuna Paris. Hapo 5,000 ndiyo ilianza. Wote wawili walikuwa na mchujo mmoja tu, halafu fainali. Hakuna aliyekuwa na mzigo kuliko mwenzake. Chebet akashinda kwa zaidi ya sekunde moja, mwanya mkubwa kuliko zote tatu.

Mashabiki wa Chebet nao msijipige kifua sana. Kuna hoja yenu moja nayo haina miguu: ati Chebet sasa ana kasi kuliko Faith. Hapana. Hakuna kitu kwa rekodi kinachosema hivyo. Wakisimama leo wakimbie 1,500, Chebet ataona namba ya mgongoni mwa Faith ikipotea kwa kona. Hajawahi hata kumtafuta Faith kwa fainali kubwa ya umbali huo, na ana akili zake.

Sasa kama Chebet hana kasi kuliko Faith, na uchovu si sababu, anampitaje mita za mwisho?

Jibu liko kwa ile namba

Rudi kwa 28:54.14, ile rekodi ya mita 10,000. Igawanye mara mbili. Unapata dakika 14 na sekunde 27.07 kwa kila mita 5,000.

Sasa angalia muda aliotumia kushinda Olimpiki ya 5,000 kule Paris: 14:28.56.

Umeiona? Miezi miwili na kidogo kabla ya Paris, Chebet alikuwa amekimbia mita 10,000 kwa kasi ya wastani iliyo kubwa kuliko ile ya fainali ya Olimpiki, yaani mita 5,000 mara mbili bila kusimama. Kwa hivyo kengele ya raundi ya mwisho ilipolia Paris, wengine walikuwa mwisho wa safari yao. Yeye, kwa hesabu ya mwili wake, alikuwa katikati.

Tokyo ndio kabisa. Kasi ya pale ilikuwa sekunde 71 na nusu kwa kila mzunguko. Chebet anaweza kushikilia sekunde 69 na kidogo kwa mizunguko 25. Zile raundi kumi na mbili zilikuwa kwake ni kama kuchota maji kisimani.

Hii ndio siri ya mbio za mwisho ambayo watu wengi hawaijui. Raundi ya mwisho haishindwi na mwenye kasi zaidi akiwa fresh. Inashindwa na aliyebaki na kasi zaidi baada ya kuchoka. Faith ana tangi la petroli kali sana. Chebet ana tangi kubwa. Kwa 1,500, safari inaisha kabla tangi kubwa lisaidie. Kwa 10,000, petroli kali inaisha njiani. Kwa 5,000, mkifika pale kwa kona ya mwisho, Faith amebakisha asilimia fulani ya kasi yake kubwa, na Chebet amebakisha karibu yote ya kasi yake ya kawaida. Na siku hizi, hizo mbili zinakaribiana mpaka mshindi anaamuliwa na nani yuko mbele na nani yuko nyuma.

Na hapo kwa nafasi kuna jambo lingine. Paris na Tokyo, Faith ndiye aliyekuwa mbele. Wa mbele anakimbia bila macho nyuma. Anakisia lini atafungulia, na anafungulia mapema kidogo, kwa sababu anaogopa kushtukizwa. Wa nyuma anaona kila kitu. Anaona bega likianza kukaza, mkono ukianza kupoteza mdundo, halafu anachagua dakika yake. Chebet alichagua vizuri mara mbili.

Kilichobadilika kati ya Budapest na Paris ni hicho basi. Alipochukua shaba Budapest, Chebet hakwenda kutafuta kasi ya Faith. Alienda kujenga kile ambacho tayari kilikuwa chake. Akashinda nyika tena Machi 2024, akapanda mita 10,000 Mei, na Agosti akarudi kwa 5,000 akiwa mtu mwingine.

Haya, nani mkali?

Ukiniuliza nani mkali wa fainali ya 5,000 leo, jibu langu ni Chebet, na sioni aibu. Mara mbili kwa tatu, moja ya hizo bila kisingizio chochote, na hesabu inaeleza kwa nini.

Ukiniuliza nani ana jina kubwa zaidi kwa historia, bado ni Faith. Olimpiki tatu mfululizo ni kitu ambacho watoto wetu watahadithiwa. Chebet ana dhahabu mbili za Olimpiki na mbili za dunia za uwanjani, na alipofika Tokyo alikuwa na miaka 25, Faith 31. Muda uko upande wake. Lakini muda si medali. Lazima ukimbie.

Na ukiniuliza ni nini naogopa, si kushindwa kwa mmoja wao. Naogopa siku ambayo wataacha kukutana. Faith angeweza kukaa kwa 1,500 yake, mahali hakuna anayemsumbua, aache watu wa 5,000 wapigane wenyewe. Hakuna mtu angemlaumu. Baada ya Paris alikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Badala yake akarudi Tokyo, akasimama kwa mstari na mtu aliyemshinda, akijua kabisa atafanya kazi ya mbele na huyo mwingine atangoja mgongoni. Chebet naye angeweza kuvunjika moyo pale Budapest. Bado akarudi.

Mashindano ya dunia yajayo ni Beijing 2027, halafu Olimpiki ya Los Angeles 2028. Kama wote wawili watakuwa kwa mstari wa 5,000, wewe omba likizo mapema.

Sasa turudi kwa yule mzee wa kona na kikombe chake. Aliposema hao wote ni wetu, hakuwa anakimbia swali. Alikuwa anakukumbusha ile usiku ya Paris, wakati jina la Faith lilitoka kwa matokeo na wewe shabiki wa Chebet ukajikuta umeshika simu, unaomba. Ubishi ni mtamu, endelea nao, hata ongeza sauti. Lakini ujue unabishana kuhusu nani alikuwa wa kwanza na nani wa pili duniani, na wote wawili wakirudi nyumbani wanapita barabara ile ile ya majani chai.

Haya, umepata hesabu. Ukienda nayo kibandani kesho, anza na ile 28:54.14. Halafu agiza chai kabla ya kuongea, kwa sababu ukishaanza, hakuna mtu atakuhudumia.